Nusu ya Somo la Damu

Neno "haiwezekani" ni zito, na mwalimu akilitamka mbele ya ubao uzito wake huwa maradufu. Mimi nililitamka mwaka juzi katika darasa la Kidato cha Nne hapa kisiwani Mombasa, na jua la pili halijachwa nilikuwa nimekwisha kulijutia.

Mada ilikuwa urithi wa makundi ya damu. Niliwaagiza wanafunzi wakawaulize wazazi wao makundi yao, kila mmoja achore mti wa jamaa yake, kisha tuje tuulinganishe na jedwali lililomo kitabuni. Walimu wengi wa biolojia hulipenda zoezi hili kwa kuwa humtoa mwanafunzi katika njegere za Mendel na kumrudisha nyumbani kwao. Binti mmoja, ambaye kundi lake alilijua kwa kuwa aliwahi kutoa damu shuleni, alinyosha mkono. "Mwalimu, baba ni O, mama ni O, na mimi ni A. Nimekosea wapi?" Sikufikiri. Niliutazama ubao, nikamjibu kuwa jambo hilo haliwezekani. Darasa likacheka kile kicheko cha vijana ambao wamefahamu jambo kabla ya mwalimu wao kufahamu alilolisema.

Mtu aijuaye Mji wa Kale hana haja ya kuelezwa yaliyofuata. Habari ilitoka shuleni kwa miguu ya watoto, ikapita Ndia Kuu, na kufikia sala ya isha ilikuwa imekwisha kubisha mlango wa wenyewe. Kesho yake mama mtu alikuwa kwa kakake Kibokoni, na huko alikaa siku kumi na moja. Baba, mtu wa makamo mwenye duka la viungo karibu na Marikiti, alinijia baada ya sala ya Ijumaa. Hakufoka. Alinishika mkono, akaniambia, "Mwalimu, hisabati yako imenivunjia nyumba."

Nilimwomba anionyeshe kadi yake. Ilikuwa kadi kuukuu, ya zaidi ya miaka thelathini, aliyopewa alipokuwa kijana akitafuta ajira, na wino wake ulikwisha kupauka. Nilimsihi akapimwe upya, akakubali kwa shingo upande. Jibu lilirudi: A. Kadi ile ilikosewa; iwe ni kalamu au ni macho ya aliyeisoma, leo hakuna ajuaye. Mama akarejea kwake.

Sisimulii haya ili nijitakase. Nayasimulia kwa sababu tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja: tuseme kadi ile ingekuwa sahihi, na baba na mama wote wawili wakasomeka O tena na tena, je, ningekuwa na haki ya kusema haiwezekani? Hata kidogo. Jedwali tunalolifundisha ni la kweli kwa watu wengi mno, lakini si la kweli kwa watu wote, na sisi walimu tunalifundisha kana kwamba ni la wote.

Tuanze na lile tunalolifundisha. Karl Landsteiner, daktari wa mjini Vienna, ndiye aliyetangaza mwaka 1901 kuwa damu za watu haziko sawa, kwamba zipo zinazopatana na zipo zinazogandana zikichanganywa. Baadaye ikabainika kuwa makundi haya hurithiwa. Kila mtu hupokea nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. A na B ni tawala, O ni fiche. Basi mtu husomeka O pale tu anapopokea O kwa pande zote mbili. Kutokana na hayo ndipo tunaposema kuwa wazazi wawili wa O hawana A wala B ya kumpa mtoto. Hadi hapo hoja haina ila, na mtihani wa taifa unaridhika nayo.

Mwaka 1952 madaktari wa mjini Bombay, wakiongozwa na Y. M. Bhende, walitangaza katika jarida la Lancet kwamba wamekuta watu ambao damu yao haikuingia katika jedwali lolote. Kwa kipimo cha kawaida watu hao walisomeka O. Lakini walipotaka kupewa damu ya O, ambayo sote tumefundishwa kuwa humfaa kila mtu, damu yao iliikataa. Hali hiyo ikaitwa kwa jina la mji ilikopatikana.

Ili kuifahamu, na tutazame milango ya Mji wa Kale. Mlango wa nakshi una mambo mawili, ubao na michoro. Katika seli nyekundu za damu, A na B ni michoro, nao ubao unaochorwa huitwa H. Mtu wa kundi A ana ubao wenye nakshi ya A. Mtu wa kundi O ana ubao mtupu, haukuchorwa kitu. Mtu wa Bombay hana ubao. Huenda amerithi fundi hodari wa kuchora A au B, lakini fundi huyo hana pa kutia patasi yake. Mpimaji anayetafuta nakshi peke yake haioni, naye huandika O, kama vile alivyoandika kwa yule mwenye ubao mtupu.

Jeni ya ubao iko mbali na jeni ya nakshi. Ile ya nakshi ipo katika kromosomu ya 9, na ile ya ubao, iitwayo FUT1, ipo katika kromosomu ya 19. Kwa hivyo kila moja husafiri kwa njia yake kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Mwanamke wa Bombay aliyemficha fundi wa A ndani yake akiolewa na mume wa kundi O wa kawaida, mtoto anaweza kupata fundi kwa mama na ubao kwa baba. Nakshi ya A inatokeza waziwazi. Kadi zitasema O na O zimezaa A, na kadi hizo zitakuwa hazikukosewa herufi hata moja, wala mama naye hatakuwa amekosa lolote.

Nina haja ya kuwakumbusha wenzangu wa hapa kwamba Bombay si mji wa mbali kwetu? Kwa karne nyingi majahazi yamekuja na kaskazi kutoka Kachchh, Gujarat na Bombay yenyewe, yakatia nanga katika Bandari ya Kale, na waliokuja nayo wakajenga, wakaoa, wakazaa. Huko India hali hii hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 10,000 hivi, na Ulaya mtu 1 hivi kati ya milioni. Ni nadra, naam, lakini bahari ile ile iliyoleta nguo na mbao za misaji imeleta na jeni.

Kuna jambo jingine linalotuhusu hapa, nalo ni ndoa za jamaa. Jeni inayoondoa ubao ni fiche. Mtu mwenye nakala moja tu ni mzima, damu yake haina ajabu yoyote, na ataishi hadi uzeeni bila kujua ana nini. Mtoto huzaliwa bila ubao pale baba na mama wote wawili wanapokuwa na nakala hiyo, na hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Sasa, ni nani aliye karibu zaidi kuwa na nakala ile ile uliyo nayo wewe? Ni yule mliyerithi kwa babu mmoja. Watoto wa ndugu hushirikiana kwa wastani thumuni ya jeni zao, na katika mitaa yetu, kwa Waswahili, kwa Washihiri, kwa Wabaluchi na kwa Wahindi wa madhehebu mbalimbali, binamu kuoana si jambo geni. Siandiki haya ili kuzilaani ndoa hizo. Zina hekima zake na heshima zake. Lakini jamaa inayooana ndani kwa ndani haina budi kuijua damu yake kuliko jamaa nyingine yoyote.

Maana hapa heshima si jambo la pekee lililo hatarini. Mtu wa Bombay huishi na afya njema maisha yake yote, mpaka siku atakapovuja damu, ajalini au kitandani akijifungua. Akipewa damu ya O, kingamwili zake huuona ubao wa H kuwa ni kitu kigeni, nazo huzishambulia seli alizopewa. Aliyekusudiwa kuokolewa anaweza kufa kwa dawa ile ile. Anayemfaa ni mwenye hali kama yake, na pa kwanza kumtafuta ni kwa ndugu zake wa baba na mama mmoja, ambao kila mmoja wao ana ile nafasi moja kati ya nne. Wazazi wenyewe aghalabu hawamfai, kwa kuwa kila mmoja ana ubao. Hata damu ya ndugu wa karibu madaktari huishughulikia kwa tahadhari, wakiipitisha kwanza kwenye mionzi. Vilevile wapo wanaojiwekea damu yao wenyewe mapema kabla ya upasuaji. Yote hayo yanawezekana kwa anayejijua; asiyejijua ana saa chache tu.

Na kujijua si ghali. Mpimaji asiyetosheka na kutafuta A na B katika seli huchukua seramu ya mtu, akaichanganya na seli za kundi O. Kwa watu wa kawaida hakuna litakalotukia, lakini kwa mtu wa Bombay seli zitagandana mbele ya macho. Kipimo hiki cha kinyume hufanywa katika vituo vya damu, na wanafunzi wangependa kukisikia kuliko kukariri jedwali.

Nimeulizwa, na wazee hasa, kama kupewa damu na mtu kunafanya udugu, kama vile kunyonya ziwa moja kunavyofanya. Masheikh wengi waliolitolea fatwa jambo hili wamesema kuwa hakuna udugu wa damu ya hospitali. Hukumu ya maziwa ni ya maziwa. Nalitaja kwa kuwa nimeona hofu hiyo ikiwazuia watu kutoa damu.

Bombay ni nadra. Hali ambayo familia nyingi za hapa zitakutana nayo ni ile ya Rhesus hasi. Kwetu Kenya ni watu wachache wasiozidi 5 hivi kati ya 100, ilhali Ulaya ni kama 15. Nayo ni fiche: wazazi wawili walio chanya wanaweza kuzaa mtoto hasi, bila miujiza wala hila, ikiwa kila mmoja amebeba nakala moja iliyojificha. Nimesikia wanawake wakisutwa kwa hili pia. Lililo muhimu zaidi ni kwamba mama aliye hasi akizaa mtoto chanya, mwili wake unaweza kujifunza kuipiga vita damu ya mtoto atakayefuata. Sindano ya kinga ipo, nayo hudungwa katika saa 72 baada ya kujifungua. Lakini wapo wazazi wanaowaambia binti zao waifiche hali hiyo, posa isije ikavunjika. Binti hufika kwa mumewe na siri, huzaa wa kwanza salama, kisha humpoteza wa pili, na watu husema ni husuda.

Hapo ndipo ilipo ila yetu kubwa, kudhani kuwa damu isiyofanana na ya wengi ni damu yenye doa. Pwani hii yenyewe inakanusha. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa hapa Kenya, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, akazunguka nchini akikusanya damu ili achunguze makundi yake. Aligundua kuwa wenye nakala moja ya jeni ya selimundu walikuwa zaidi ya 20 kati ya 100 miongoni mwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria, na katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Akajiuliza kuna nini pwani na ziwani kisichokuwako milimani. Ni malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kuwa nakala moja ya jeni hiyo humkinga mtoto na malaria, ingawa nakala mbili humtia maradhini.

Na liko jingine la juzi, la hapa hapa jirani, ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha shule. Kuna aina ya damu iitwayo Dantu, nadra mno duniani. Huko Kilifi, mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka kisiwani, mtu mmoja hivi kati ya kumi anayo. Watafiti wa KEMRI na wenzao wa Uingereza walionyesha mwaka 2017 kuwa jeni hii hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Mtoto aliyerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, kinga yake hufikia kama asilimia 70. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake walieleza sababu katika jarida la Nature, baada ya kuchunguza damu ya watoto 42 wa Kilifi. Ngozi ya seli nyekundu zenye Dantu huwa imekazika, mithili ya ngozi ya ngoma iliyowambwa ikaanikwa juani, na kijidudu cha malaria hushindwa kuipenya.

Hebu nifikirie somo langu lingekuwaje lau ningeanzia Kilifi. Hesabu ni zile zile, nakala moja kwa baba na moja kwa mama, robo, nusu na robo. Lakini mwanafunzi angejifunza kwanza kwamba tofauti katika damu ina historia na sababu, kabla hajajifunza kuitumia kumpima mamake.

Mtoto wa hapa aliyepitia chuoni angeweza hata kunisahihisha. Anaijua hadithi ya bedui aliyemjia Mtume akinung'unika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Aliulizwa kama ana ngamia, akasema anao. Rangi zao, akasema ni wekundu. Kama yumo wa kijivu, akasema yumo. Aliulizwa huyo ametoka wapi, akajibu huenda ni asili ya nyuma iliyomvuta. Akaambiwa basi na mwanawe huenda ni vivyo hivyo, wala hakuruhusiwa kumkana. Jeni fiche ni nini, kama si asili ya nyuma inayovuta? Sheria hiyo hiyo inadai mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke mwenye kujistahi. Mimi nilileta shahidi mmoja, kadi iliyopauka, na hata huyo hakuwa mkweli.

Kwa hiyo nina maombi kwa walimu wenzangu. Zoezi la kuwatuma watoto nyumbani wakachunguze damu za wazazi tuliache. Miti ya familia ya kufundishia yaweza kubuniwa, na hesabu haitapungua utamu. Jedwali tulifundishe, lakini siku hiyo hiyo tufundishe na vinavyolipindua: kadi zilizokosewa, ambazo ni nyingi kuliko yote, aina hafifu za A na B ambazo kipimo cha haraka hakizioni, na Bombay. Mtihani hautauliza, najua. Hata hivyo kipindi ni dakika arubaini, na Bombay haihitaji zaidi ya kumi.

Nanyi wanafunzi, endeleeni kutoa damu. Nchi hii imekuwa ikiwategemea ninyi mno, hata benki za damu hupungukiwa shule zinapofungwa. Mnapotoa, ulizeni mpewe majibu yenu, myahifadhi. Aliyeambiwa kuwa damu yake ni ya nadra asiingie chini ya kitanda kwa haya. Awaambie ndugu zake wakapimwe nao, na majina yao yawekwe katika kituo cha damu cha Mombasa, ili siku itakapohitajika kusiwe na mtu anayekimbia vichochoroni usiku akigonga milango.

Ama yule binti, nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile nililomfedhehesha, naye alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Babake alipokwenda kupimwa alitoa na chupa moja ya damu, na sasa hutoa kila akiruhusiwa. Kadi kuukuu aliihifadhi mkewe. Nikipita dukani akiwapo, hunitania kama bado naitaka kwa kufundishia. Nimemwambia naitaka. Hajanipa.